Remmy, Matimila na kaseti ya baba mdogo

Haya ndugu zangu, leo siasa tuziweke kando kidogo, tuzungumze muziki. Sijui wangapi kati yenu mmewahi kusikia kitu kinachoitwa saikobili. Mimi nilikuwa sijui, mpaka mwanahabari mwenzangu mmoja aliyeko Dar aliponijazia flashi nyimbo kama mia hivi na kuniambia, "Kaka, hizi sikiliza usiku ukiwa peke yako." Nikasikiliza. Jamani! Makaburi, maiti zinazotembea, majeneza, vichaa waliotoroka hospitali, na vyote hivyo vinachezeka.

Kwa wale ambao hawajabahatika (au wamebahatika, sijui), saikobili ni mtoto wa wazazi wawili. Mzazi wa kwanza ni rokabili, ule muziki wa vijana wa kusini mwa Marekani wa miaka ya 1950, wakati Elvis anaanza anza. Mzazi wa pili ni panki, zile kelele za makusudi za miaka ya 1970. Besi yake si ya umeme bali ni lile dubwana la mbao linalosimama kama mtu, na mpigaji anazichapa nyuzi kwa kiganja hadi zinatoa mlio wa fimbo. Neno lenyewe lilisikika katika wimbo wa Johnny Cash wa mwaka 1976, One Piece at a Time, likitajwa kwa utani tu kuhusu gari aina ya Cadillac lililoungwa kwa vipuri vilivyoibwa kiwandani kimoja kimoja. Bendi ya The Cramps ya New York ikalidaka na kuliandika kwenye matangazo ya maonyesho yake. Hao Cramps, mwezi Juni 1978, walikwenda kupiga muziki kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili huko Napa, California, na wagonjwa wakapanda jukwaani wakacheza nao. Picha za video zipo, zitafute. Mwaka 1980 London ikawatoa The Meteors, na baada ya hapo ukumbi mmoja ulioitwa Klub Foot, pale Hammersmith, ukawa ndio msikiti na kanisa lao. Vijana hao walikuwa na sharti moja: siasa zibaki mlangoni. Humo ndani ni mazimwi na bia.

Nilifurahi, sikatai. Lakini kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyozidi kujiuliza, mbona hawa jamaa wanaimba kifo kama watu ambao hawajawahi kuchimba kaburi? Huku kwetu Singida ardhi ina mawe. Anayetoka mjini kwenda upande wa ziwa Singidani anayaona mawe yenyewe, makubwa kama nyumba, yamekaa kama yamepangwa na mtu. Kuchimba kaburi kijijini kwetu ni kazi ya vijana sita na mtaimbo, na mara nyingine mnafika futi tatu mnakutana na mwamba, mnahama mnaanza upya huku maiti inasubiri. Ukishakuwa mmoja wa hao sita huwezi kuimba jeneza kwa mzaha.

Ndipo nikakumbuka kwamba sisi tunaye wetu. Alikuwa na nywele za kutisha watoto, alizaliwa kimiujiza, aliitwa Daktari bila kusomea udaktari, na aliimba kifo kwenye kumbi za dansi watu wakanyanyuka kucheza. Namzungumzia Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila.

Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki ya Kongo, iliyokuwa bado chini ya Wabelgiji. Kabla yake mama yake alikuwa amepoteza watoto. Mganga akamwambia huyu akamzalie porini, siyo hospitali, na akizaliwa asinyolewe nywele. Mtoto akatoka na meno mawili tayari mdomoni. Kwa wazee wa kule hiyo ilikuwa dalili ya mganga, na jina la Daktari likaanzia hapo. (Hao Wazungu wa saikobili walilazimika kununua rangi na krimu ili watishe. Remmy alitisha tangu siku ya kwanza, bure kabisa!) Akafiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mdogo, muziki ukawa ndio chakula chake, akapiga Kongo, akapita Uganda, na mwaka 1978 akaingia Dar es Salaam kwa mwito wa mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na Orchestra Makassy. Mwaka 1981 akahamia Matimila. Baadaye ikaitwa Super Matimila, na kwa watu wengi bendi na mtu vikawa kitu kimoja.

Vijana wa siku hizi mliozoea msanii mmoja na kompyuta yake mnahitaji kuelezwa bendi za wakati ule zilikuwaje. Vyombo havikuwa vya wanamuziki. Vilikuwa vya chama, shirika la umma, jeshi au tajiri. NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ikaangukia kwa DDC, Vijana Jazz ilikuwa ya jumuiya ya vijana ya chama tawala. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, akigombana na mwenye gitaa anaondoka na koo lake tu. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina: Sikinde, Msondo, Pambamoto. Matimila walikuwa na Talakaka, ingawa Remmy alipenda zaidi kuuita muziki wake Bongo Beat. Na redio ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Ukirekodi pale nchi nzima inakusikia. Wakikukataa, basi, wewe ni wa ukumbini tu.

Sasa mtindo. Muziki wa dansi wa kwetu una tabia ya kuanza polepole, mwimbaji anasimulia kisa, magitaa yanazungumza chini chini, halafu katikati kinakuja kile kipande cha moto, magitaa yanapanda na watu wanasahau kisa walichokuwa wanakisikitikia. Matimila walifuata njia hiyohiyo lakini kwao hadithi ilikuwa ndefu kuliko kwa wengine. Remmy hakuwa na sauti tamu. Nasema wazi, hata mashabiki wake mkinuna. Ukimweka karibu na Marijani Rajabu au Hassani Bitchuka, sauti yake ni ya mtu aliyetoka kubishana. Ni nzito, ina mikwaruzo, na Kiswahili chake kina Kongo ndani yake, herufi nyingine zinateleza. Lakini alikuwa anajua kusema. Katikati ya wimbo anaacha kuimba na kuanza kuhutubia, anauliza maswali, anataja watu, anawapanga tajiri na maskini, mweusi na mweupe, mrefu na mfupi, halafu anawaingiza wote mlango mmoja. Nyuma yake magitaa yanasokota nyuzi tatu tofauti, kila moja na kamba yake, safi, bila kunguruma, tumba zikishikilia chini. Utamu upo hapo. Maneno yanakuambia utakufa, magitaa yanakuambia njoo tucheze.

Wimbo wa Kifo ndio mfano mkubwa, na Siku ya Kufa ni ndugu yake. Katika Kifo anakigeukia kifo chenyewe na kukihoji kama unavyomhoji mwizi aliyekamatwa. Hakifanyi kizimwi, hakipaki rangi. Anakiuliza tu kwa nini kinafanya kinachofanya. Nimewahi kuona watu wanacheza wimbo huo harusini na sikuona aliyeshangaa.

Hapa lazima niwaeleze habari ya kaseti.

Baba mdogo wangu, mdogo wake baba, alikuwa utingo wa lori, baadaye akawa dereva. Walibeba alizeti na vitunguu kutoka huku kwetu kwenda Dodoma na Dar, na kurudi na sabuni, bati na saruji, wakati mwingine wakipitiliza mpaka Nzega kwa kushuka mlima Sekenke, ambako kila dereva alikuwa na hadithi ya breki. Barabara ilikuwa ya vumbi na safari ya siku moja ingeweza kuwa ya tatu. Kaseti ilikuwa rafiki. Yeye alikuwa nazo nyingi lakini ya Matimila aliitunza ndani ya soksi, na alipenda sana kurudia utani huo, kwamba soksi ndani ya soksi. Sisi watoto tulikuwa hatuelewi kinachochekesha.

Mnaojua mmeshaelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Remmy alitunga Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu. Wakati huo Ukimwi ulikuwa umeshatimiza miaka kadhaa nchini, wagonjwa wa kwanza waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ulikuwa unashuka na barabara kuu, kituo kwa kituo, kila mahali malori yanapolala. Watu walikuwa wanaogopa hata kuutaja. Waliuita umeme, miwaya, ngoma. Remmy akautaja, na akataja kinga yake, kwa utani na gitaa. Radio Tanzania wakakataa kuupiga. Maneno hayafai, ndio ilikuwa hoja.

Basi wimbo ukapita njia nyingine. Ukapita kwenye kumbi, na ukapita kwenye kaseti zilizorekodiwa kutoka kaseti nyingine, zikauzwa stendi kando ya mayai ya kuchemsha na kuku wa kuchoma. Baba mdogo aliipata yake Manyoni. Yaani fikirini: wimbo uliotungwa kwa ajili ya watu wa barabarani ulikataliwa na chombo cha taifa, halafu watu wa barabarani wenyewe wakausambaza. Kwangu mimi kama mwandishi wa habari hilo ni funzo, lakini nisiwachoshe na mafunzo.

Baba mdogo alifariki mwaka 2003. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka alirudi nyumbani akiwa mwembamba, akalazwa chumba cha nyuma, na tuliambiwa ni malaria iliyopanda kichwani. Baadaye ikawa kifua. Baadaye ikawa mkono wa mtu, na jirani mmoja ambaye simtaji akaacha kutusalimia kwa sababu ya hiyo.

Msibani ndipo palipokuwa na kazi. Alikuwa amemwachia mke wake maneno, kwamba siku wakianua matanga apigiwe Remmy. Siyo ile ya soksi, alitaka Kifo. Wazee wakakataa. Mzee mmoja wa kanisa akasema muziki wa baa hauingii kwenye msiba wa Mkristo. Babu akanyamaza, na babu akinyamaza maana yake amekubaliana na anayesema. Mama mdogo hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na redio kaseti, akaiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, akabonyeza.

Tatizo lilikuwa betri. Mimi ndiye niliyekuwa nimetumwa kuzianika juani juu ya bati tangu asubuhi, kama tulivyozoea, ili zipate nguvu kidogo. Nguvu hazikutosha. Magitaa yakatoka yanajikokota na sauti ya Remmy, ambayo tayari ni nzito, ikateremka ikawa kama inatokea chini ya ardhi. Mtu aliyekufa anaimba kuhusu kifo! Watu walinyamaza, kisha shangazi mmoja akaanza kucheka, akajizuia kwa khanga, akashindwa. Likaenea. Mzee wa kanisa naye mabega yakaanza kutikisika. Halafu babu akasema, "Nendeni dukani mkamletee marehemu betri nzima." Zikaletwa nne, mpya, wimbo ukarudishwa nyuma ukaanza upya kwa kasi yake, na safari hii hakuna aliyecheka. Mama mdogo alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jamani, The Cramps hawakuwahi kufanya onyesho la kutisha kama lile.

Miezi mingi baadaye, mwaka 2004, serikali ikaanza mpango wa kugawa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Ilichukua muda mpaka zikasambaa mikoani. Mama mdogo alizipata na yupo mpaka leo, analima alizeti, anafuga kuku, ananipigia simu kunikumbusha kuoa. Kabla ya kuandika haya nilikwenda kumwona. Nikamsalimia, akaniuliza kama nimekula, nikamwambia nataka kuandika habari za Remmy na ile kaseti, na kwamba siwezi kuiandika nusu.

"Utasema alikufa na nini?" akaniuliza.

"Nitasema, mama, ukiniruhusu."

Akakaa kidogo akichambua mboga. "Sema. Miaka yote hii wanasema alirogwa, na aliyesemwa ni mchawi alikufa na jina hilo. Ila jina lake yeye usiliweke, na langu usiliweke."

Sijaliweka. Nikamuuliza tena swali ambalo lilinikaa tangu nilipokuwa mkubwa wa kuelewa ule utani wa soksi: kama wimbo alikuwa nao, na aliusikiliza kila siku, kwa nini? Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto. Akasema wimbo alianza kuusikia akiwa ameshakuwa barabarani miaka mingi, na kwamba baada ya kuupata yeye ndiye aliyekuwa anawasemesha mautingo wadogo, na hakuwaacha washuke garini kituoni bila kuwauliza. "Alikuwa anawapigia kwanza kaseti," akasema. Kuna mautingo wawili wa wakati ule ambao sasa ni madereva wa mabasi. Niliongea na mmoja, akaniambia ndivyo ilivyokuwa, na akauliza kaseti iko wapi.

Nirudi kwa bendi. Wakati baba mdogo anahangaika na Sekenke, Matimila walikuwa wameshafika mbali kuliko bendi nyingi za hapa. Kanda yao ilipelekwa Uingereza na rafiki, ikawafikia watu wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1988 bendi ikaalikwa Ulaya. Mwaka huohuo ikatoka Nalilia Mwana. Mwaka 1989 wakarekodi Songs for the Poor Man kwa lebo ya Real World ya Peter Gabriel, na mwaka 1992 ikafuata Mambo. Ukiniuliza mimi, hiyo ya 1989 ndiyo inayopaswa kusikilizwa kwanza. Sauti ya Mnyonge imo humo, Kipenda Roho imo, magitaa yamerekodiwa vizuri kiasi kwamba unaweza kufuata uzi mmoja mmoja. Mambo nayo ina uzuri wake, ila kuna mahali Remmy anaimba Kiingereza ili wenyeji wake wamwelewe, na hapo yule mhutubiaji anapotea. Kwenye Kiingereza hana methali, hana kejeli, anabaki na ujumbe mtupu. Hata hivyo Mambo kwa Soksi imo humohumo, kwa hiyo wimbo uliokosa nafasi redioni Pugu Road ulichapwa vizuri kabisa Uingereza. Na kuna wimbo unaitwa Dodoma. Sisi wa Singida tumeachwa, kama kawaida, ingawa basi likitoka Dodoma linakuja huku!

Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa na wale wa Klub Foot. Wao walikubaliana siasa isiingie, na labda kwa London ya miaka ile, ambako vijana walipigana kumbini kwa sababu ya siasa, ilikuwa busara. Remmy hakuwa na nafasi hiyo. Mnyonge Hana Haki ni siasa, soksi ni siasa, na alifika hadi kumtungia wimbo Augustine Mrema wakati ni Waziri wa Mambo ya Ndani. Hata kifo kwake kilikuwa siasa, kwa sababu ndicho pekee kilichomtendea tajiri sawasawa na maskini. Kuna wanaosema alihubiri mno. Kweli, zipo nyimbo ambazo hotuba inazidi gitaa. Lakini nadhani wasikilizaji wake walikuwa hawana mahali pengine pa kusikia hotuba inayowahusu.

Baadaye alipata kiharusi. Akaokoka, akaacha dansi, akaimba injili. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010 nyumbani kwake Dar es Salaam, na mpaka leo konda wa daladala akiita Sinza kwa Remmy anajua anashusha watu wapi. Kwenye msiba wake bila shaka kila mtu aliyejua Kifo alikuwa anausikia kichwani, hata kama hakuna aliyeupiga.

Kaseti yenyewe haichezi tena, utepe umeliwa na joto. Nilimwekea mama mdogo nyimbo zote kwenye simu yake, za zamani na za injili. Za zamani anazisikiliza jioni akimenya karanga. Za injili alizisikiliza mara moja akasema sauti ni ileile, ila magitaa wameyanyima nafasi.